Umelala Wapi?

Walimu wengine wa Goma walianza siku kwa kuuliza jedwali la kuzidisha. Mama Direktrisi, mkuu wa shule yetu, alianza kwa kuuliza kitanda. Alisimama mlangoni mwa darasa na daftari la apeli mkononi, akaita jina, mtoto akaitika "Prezanti!", kisha akatoa swali lake. Nilipofika shuleni pale mara ya kwanza nilidhani ni swali la polisi.

"Umelala wapi?"

Mtoto akajibu. "Kwetu." Au, "Kwa shangazi, Murara." Au, "Kwa kanisa, mama." Yeye akaandika jibu pembeni mwa jina, kwa herufi ndogondogo, katika safu aliyoichora mwenyewe kwa rula. Apeli ya watoto hamsini ilikula nusu saa nzima. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, kijana mwenye haraka, nasimama pale na chaki yangu kama mtu aliyekuja harusini siku isiyo ya harusi. Siku moja nikamwambia, kwa adabu, kwamba programu ya serikali haina somo la kulala. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Mwalimu," akasema, "somo ya kwanza ni kitanda. Weye ulilala muzuri, njo maana uko na nguvu ya kunisumbua."

Basi huyo ndiye. Sitawaambia alizaliwa wapi wala babu yake alikuwa nani. Kuhesabu ukoo ni kazi ya wanaotafuta kura. Nitawaambia niliyoyaona, na mengine kati ya hayo yananiaibisha mimi kuliko yeye.

Alikuwa mfupi, mpana, kitenge juu ya kitenge, na sauti ya kuvuka barabara. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kumtoa mtu machozi. Padri mmoja alikunywa kikombe kimoja tu na hakurudi tena kututembelea. Kupika hakujua kabisa. Sombe yake, yale majani ya muhogo, iliungua kila mara, nasi walimu tuliila kimya, juu ya heshima na juu ya woga. Alisema hapendi maneno ya watu, lakini ukitaka kujua nani kagombana na nani katika mtaa wote wa Mapendo, nenda kwake. Alikuwa Mkatoliki wa upande wa Bukavu, na hakutuacha tusahau kwamba kule Bukavu watu wanajua kusema na kuvaa. Lakini siku mgeni mmoja wa huko huko Bukavu alipoanza kucheka vumbi jeusi la Goma na mawe ya Goma, loo! Mama alimgeukia akalitetea vumbi hilo mpaka mgeni akamaliza soda yake kwa mkupuo mmoja na kuaga.

Alitukataza kulia. "Machozi haijengake nyumba," ndivyo alivyokuwa akisema, kwa mtoto aliyeanguka, kwa mzazi aliyefiwa, kwa yeyote. Na yeye mwenyewe alilia kwenye kila harusi, akianza kabla bibi harusi hajaingia kanisani. Ukimkumbusha, anasema ni moshi. Moshi gani kanisani?

Halafu kulikuwa na kamba. Ilikuwa kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo hatua moja, na ililala ndani ya kapu lake pamoja na chaki. Kila mwanzo wa muhula alitoka na watoto wa darasa la sita, akafunga ncha moja kwenye mlingoti wa bendera, akapima kiwanja cha shule mpaka pembe zote nne. Watoto waliimba mafundo, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho, na hesabu ilikuwa ile ile kila mara. Kiwanja kilikuwa kikubwa, tulichopewa na kanisa zamani, na nusu yake ilikuwa majani matupu. Sisi walimu tulikaa dirishani tukicheka.

"Mama," nikamuuliza, "unaogopa kiwanja kitakimbia?"

"Hapa kwetu, Mwalimu, kila kitu inakimbiaka."

Nikacheka zaidi. Mungu anisamehe.

Volkano ikashuka. Wakati huo tulikuwa tayari chini ya waasi, tumezoea kukimbia bunduki, tukajifunza kukimbia mlima pia. Tulivuka mpaka na magodoro kichwani, na baada ya siku chache tukarudi, maana nyumba ya kukimbilia hatukuwa nayo, na mawe yalikuwa bado ya moto chini ya viatu. Shule haikuwepo. Mabati, madarasa, mabenchi, choo, vyote vilikuwa chini ya jiwe jeusi. Kilichobaki ni ncha ya mlingoti wa bendera, imepinda, imetoka nje ya jiwe urefu wa mkono.

Mama Direktrisi alikuwa amefika kabla yangu. Katika nyumba yake ya kupanga aliacha masufuria, nguo, hata kitenge cha harusi ya mdogo wake. Alikimbia na kapu tu, na ndani ya kapu mlikuwa na daftari la apeli na kamba. Akagusa jiwe kwa kiganja. "Bado moto," akasema, akakalia vitenge vyake viwili, akaniambia nipige kengele.

"Kengele gani, mama? Imeyeyuka."

"Basi piga kitu."

Nikaokota kipande cha bati, nikakipiga kwa jiwe. Haikupita saa moja watoto wakaanza kutokea, mmoja mmoja, wengine miguu mitupu, wanarukaruka kwa joto. Akafungua daftari. Akaita jina la kwanza. "Umelala wapi?" Siku ile majibu ndiyo yaliyonifanya nielewe ile safu ya rula ilikuwa ya nini. Chini ya lori. Kwa mvua. Sijui kunaitwaje. Nilijificha nyuma ya watoto nikalia, na nilipogeuka niliona Mama ananitazama, lakini hakuniambia neno juu ya machozi.

Tulifundisha juu ya jiwe lile, kila mtoto na kijiwe chake cha kukalia. Lakini miezi ilivyopita, apeli ilianza kupungua, na haikuwa juu ya magonjwa. Mbao zilipanda bei. Vyumba vichache vilivyosalia Mapendo na Murara vikapanda mara mbili, tatu. Wale ambao volkano ilikuwa imewalia nyumba wakasukumwa mbali, upande wa Sake, upande wa nyuma ya kiwanja cha ndege, ambako mtoto hawezi kutoka asubuhi akafika shuleni kwa miguu. Mama aliandika. Wiki hii, "kwa shangazi." Wiki ijayo, "mbali." Wiki ya tatu, jina linaitwa na hakuna anayeitika.

Hapa lazima niwaeleze neno moja, maana kisa chote kimesimama juu ya neno hilo. Kwetu Goma, mwenye nyumba anayekupangisha tunamwita bayeri. Ni Kifaransa tulichokifuga mpaka kikawa chetu. Ukisikia mtu anasema "bayeri anakuja," unajua ama paa litaongezewa bei, ama mtu atafungasha. Na kwa bahati mbaya, yule anayetoa fedha za kujenga shule au zahanati, yule wa mashirika, naye katika barua za ofisi anaitwa bayeri. Neno lile lile. Anayejua tofauti ni yule aliyesoma barua za ofisi.

Mtaa wetu ulikuwa na bayeri wake, mtu wa viatu vinavyong'aa hata juu ya lava. Kila mtu alimwita Papa Bayeri tu. Vyumba vya mbao alivyokuwa navyo Murara sijui idadi, lakini kimoja nilikaa mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Baada ya volkano alituambia anataka garanti upya, miezi sita mbele, la sivyo tumwachie chumba. Mwalimu anayelipwa na wazazi, ambao wenyewe wameungua, atatoa wapi miezi sita mbele? Alitupa miezi miwili. Mke wangu alikuwa ameanza kufunga vyombo kwenye shuka.

Papa Bayeri alikitaka pia kiwanja cha shule. Jiwe lilikuwa limefunika mipaka yote, na yeye akaanza kusema kwamba shule ilikuwa ndogo tu, pale katikati, na kule pembeni kulikuwa kwake tangu zamani. Alitaka kujenga maduka. Kama angefaulu, shule ingebaki na kiwanja cha kusimamishia bendera, na familia zetu zingekwisha kutawanyika.

Wakati huo huo ikaja barua: shirika moja la mbali litajenga madarasa sita, na mtu wao atafika siku ya tano ya wiki, Ijumaa, kuona mahali. Mama Direktrisi akaniambia niwaandikie wazazi mwito. Nilikuwa na haraka, na akili yangu ilikuwa nyumbani, kwenye lile shuka. Nikaandika: "Wazazi wote mufike siku ya tano asubuhi. Bayeri atakuja. Kila mutu aseme shida yake." Nikapeleka.

Siku ya tano kiwanja kilijaa. Sijawahi kuona wazazi wengi vile, hata siku ya kutoa matokeo. Wamekaa juu ya mawe, wamenuna. Nikafurahi, mjinga mimi, nikasema watu hawa wanapenda elimu kweli. Mbele kabisa, kwenye kiti alichobebewa kutoka nyumbani, amekaa Papa Bayeri na ndugu zake wawili. Alisikia kwamba bayeri anakuja kwenye kiwanja cha shule, akaona sawa, wamemtambua mwishowe.

Mgeni akafika. Alikuwa mzee wa Kizungu, mrefu, mwenye kofia na daftari, mtu mpole. Mimi ndiye mkalimani. Akasema amefurahi kutuona, angependa kusikia wazazi. Nikatafsiri: "Bayeri anasema museme."

Mama Furaha ndiye aliyesimama wa kwanza. Alikuwa mjane, anauza makala, yaani mkaa, pembeni mwa barabara, hakujua kusoma lakini hakuna aliyemshinda kusema. Alimtazama mgeni, akamtazama Papa Bayeri kwenye kiti chake, akaona huyu wa kofia lazima ndiye bayeri mkubwa, aliye juu ya yule.

"Papa Bayeri," akamwambia mgeni, "batu bako banatumaliza. Nyumba inavuya. Batoto balilala wima, bamejikamata kwa ukuta, usiku muzima. Na bado munaomba garanti ya miezi sita. Miezi sita nitaitosha wapi, kwa makala? Mulima ulitukula, na sasa ni weye?"

Wazazi wakapiga makofi. Mwingine akasimama. Huyo alikuwa ametupwa nje pamoja na wagonjwa wake. Mwingine analala familia mbili chumba kimoja. Nikaelewa kosa langu, lote, kwa mara moja. Nikainama sikioni mwa Mama Direktrisi.

"Mama, wanadhani ni mwenye nyumba. Ni barua yangu. Ngoja niwaeleze."

Hakunigeukia hata. "Tafsiri."

"Lakini mama, huyu amekuja juu ya madarasa."

"Mwalimu. Tafsiri vile banasema. Usipunguze ata moja."

Nikatafsiri. Yote: paa linalovuja, watoto wanaolala wima, garanti, "na sasa ni weye." Nilimwona yule mzee anavua kofia yake polepole. Akaniuliza kwa Kifaransa, kwa aibu ya kweli, amewakosea nini watu hawa, yeye ambaye hana nyumba hata moja katika mji huu.

Hapo Mama Direktrisi akasimama, na akasema kwa Kifaransa chake cha Bukavu ambacho alikuwa ametunyima miaka yote. Akamweleza neno. Kwamba hapa kwetu anayeleta fedha za shule na anayefungua mlango wa nyumba wanaitwa jina moja, na kwamba wazazi hawa hawakukosea. Kisha akamfungulia daftari la apeli. Akamwekea kidole kwenye ile safu ya rula, ukurasa kwa ukurasa: kwetu, kwa shangazi, mbali, kimya. Kwetu, kwa kanisa, mbali, kimya. "Utajenga darasa sita," akamwambia, "na nitakushukuru. Lakini mwaka ujao utakuja kuzipiga picha, na ndani utakuta mabenchi tu. Kwa kila darasa moja, nyumba tatu. Hapa hapa, kwenye kiwanja hiki, za mbao, za kodi ambayo mama wa makala anaweza. Na kodi hiyo itatengeneza paa la shule likivuja. Kama huwezi, chukua darasa zako."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, akanifinya mkono mpaka kucha zikaingia.

Mgeni akafungua daftari lake. Akasema karatasi zake zinasema shule tu. Akasema kiwanja chenyewe kinatosha? Hapo ndipo Papa Bayeri alipoinuka, akatabasamu, akasema pole sana, kiwanja ni kidogo, kule pembeni kote ni kwake, na mipaka imefunikwa na jiwe, nani atasema vingine?

Ah, Papa Bayeri! Angejua kunyamaza angekuwa na maduka leo.

Mama aliingiza mkono ndani ya kapu. Alipotoa kamba, watoto waliokuwa kando wakapiga kelele ya furaha, maana walijua kinachofuata. Akafunga ncha kwenye ule mlingoti uliopinda. Wale waliokuwa darasa la sita mwaka ule, na wale waliomaliza miaka iliyotangulia, vijana na wasichana wakubwa wenye watoto mgongoni, wote wakaanza kutembea nyuma yake juu ya lava wakiimba mafundo. Moja, mbili, tatu. Wazazi nao wakadakia, kwa sababu wengi wao walikuwa wamepita shule ile. Walipofika fundo la mwisho, kwenye pembe ya kwanza, walisimama mbali kabisa, nyuma ya kiti cha Papa Bayeri. Kiti chenyewe kilikuwa ndani ya shule. Mama Furaha akamwambia, "Papa, karibu kwa darasa," na watu wakacheka mpaka wakashikana. Hata mmoja wa ndugu zake alicheka. Pembe ya pili, ya tatu, ya nne, hesabu ile ile. Shefu wa kartye, mkuu wa mtaa wetu, aliyeimba mafundo hayo akiwa mtoto, akasema mbele ya wote kwamba yeye ni shahidi.

Papa Bayeri akabeba kiti chake mwenyewe.

Yule mzee wa kofia hakuahidi siku ile. Aliomba kunakili kurasa za apeli, akakaa kwenye jiwe akaziandika kwa mkono wake mpaka mchana. Akanywa chai ya tangawizi, vikombe viwili, bila kukohoa, na hapo mimi nikajua tumeshinda. Jibu lilifika wiki mbili baadaye: watajenga kama alivyosema mama wa daftari, kwa kila darasa moja, nyumba tatu. Niliisoma barua ile kwa sauti juu ya jiwe, na kelele iliyotoka nadhani hata mlima uliisikia.

Wazazi walikata mawe ya misingi kutoka kwenye lava ile ile iliyotumaliza. Tulibeba kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Nikisema tulikuwa na furaha nitakuwa nimesema kidogo. Mimi niliyekuwa naogopa misumari nilipigilia mbao nikiimba.

Msidhani alinipendelea. Nilimwomba, mimi mwalimu wake, mkalimani wake, aniandikie nyumba moja kabla ya miezi yangu miwili kuisha. Alikataa. Zitatolewa kwa kura, watoto ndio watakaochota karatasi. Mke wangu alikasirika, hakumsalimu siku nyingi. Tulitolewa Murara, tukalala kwenye darasa ambalo halijapata madirisha, na asubuhi akaniuliza mbele ya wanafunzi, bila huruma, "Mwalimu, umelala wapi?" Nikajibu. Akaandika. Tulipochotewa nyumba ya tisa, alikuja na sombe iliyoungua, akamwambia mke wangu, "Bwana wako aliandika barua mubaya, lakini njo barua ya maana kuliko zote." Walipatana pale pale.

Siku hiyo nilimuuliza alianzia wapi lile swali lake. Nilidhani atanifukuza. Akasema zamani, alipokuwa mwalimu mpya, alimchapa msichana mmoja aliyekuwa akisinzia darasani, alimchapa siku tatu mfululizo. Siku ya nne alimkuta sokoni alfajiri, anatoka chini ya meza ya muuza samaki, ndipo alipokuwa akilala. "Nilipiga mutoto juu ya usingizi," akasema. "Mi, mutu muzima, Mukristo." Alisema jambo hilo mara moja tu, na hakuomba nimfariji.

Wakati mwingine vita vilirudi, na komanda mmoja wa waasi akaja na watu wake, mvua inanyesha, akataka madarasa sita na nyumba kumi na nane kwa askari. Sisi walimu tuligeuka mawe. Mama akamkaribisha mpaka mlangoni, akafungua daftari. "Hapa, papa, kila mwenye kuingia anajibu kwanza apeli. Umelala wapi?" Yule mtu alikuwa na bunduki na vijana thelathini nyuma yake. Akaangalia daftari, akaangalia watoto wadogo wa darasa la kwanza waliokuwa wamenyoosha shingo kumsikia. "Kwa mvua, mama," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Wiki mbili." Mama akampa chai. Akamwambia pole, na kwamba kama angewatoa watoto hawa, kesho wangejibu vile vile kama yeye. Komanda aliimaliza chai akiwa amesimama, akasalimu, akawapeleka watu wake kwingine. Nilipomuuliza Mama kama hakuogopa, akasema miguu yake ilikuwa imekufa, ndiyo maana hakukimbia.

Kwenye ukuta wa ofisi alibandika kanuni ya nyumba, kwa mkono wake: "Nyumba hizi ni za wale ambao kwao kuna mutu anayeitika apeli ya shule hii." Mtoto akimaliza masomo na familia ikapata kwao, nyumba inapewa wengine. Yeye hakuchukua hata moja. Hakuwa na mtoto wa kuitika, na alipanga vyumba viwili vya mbao Katoyi mpaka alipostaafu na kunikabidhi funguo, mimi, niliyecheka kamba yake.

Volkano ya pili ilitukuta wazee. Lava iliishia pembeni mwa mji mara hii, lakini ardhi ilitetemeka siku nyingi, tukaambiwa tutoke, tukatoka. Tuliporudi kila mtu alikuwa na ufa wake wa kuziba, na mimi, kusema kweli, sikumtafuta. Nilikutana naye njiani wiki kadhaa baadaye, kapu mkononi, amepungua sana. Mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa utani wa zamani: "Mama, umelala wapi?"

Akatazama viatu vyake.

"Kwa kanisa, Mwalimu."

Bayeri wake wa Katoyi alikuwa ameweka watu wengine wakati alipokimbia. Niliona haya ya kufa. Niliita wazazi siku ile ile. Nyumba ya pili ilikuwa wazi, na wote walisema ni yake, lakini yeye alipoletwa alikataa katakata. "Kanuni ni kanuni. Mi siko na mutoto kwa apeli. Munataka niharibishe kitu nilijenga?" Alikuwa karibu kuondoka. Ndipo Mama Furaha, kikongwe sasa, wajukuu zake wako darasani kwetu, akaniomba nimsomee ile karatasi ya ukutani, pole pole, maana yeye hasomi.

Nikasoma. "Kwao kuna mutu anayeitika apeli."

"Rudilia."

"Mutu anayeitika."

"Imeandikwa mutoto?"

"Hapana. Mutu."

"Basi," akasema Mama Furaha, akimgeukia Mama Direktrisi, "aitike!"

Siku ya kwanza ya wiki, Mama Direktrisi alikaa kwenye benchi la darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni, amenuna, kitenge juu ya kitenge. Wazazi walijaa madirishani. Niliita majina yote, na la mwisho likawa lake, jina ambalo sikuwahi kulitamka bila kuweka Mama mbele. Watoto wakageuka kumtazama. Mama akakaza kitenge chake cha juu.

"Prezanti!"

"Umelala wapi?"

"Weye Mwalimu, hauchokake? Kwa kanisa. Bado sijalala kule. Uniulize kesho."

Kesho yake darasa lilikuwa limejaa kabla sijafungua daftari. Mama alikuwa amefika kwanza kuliko wote, anawafunga watoto vifungo. Niliita mpaka nikamfikia, nikamuuliza, na kalamu yangu ikangoja kwenye ile safu ya rula. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na moshi haukuwepo.

"Kwangu," akasema, kwa ile sauti ya kuvuka barabara.